Madaktari Wawili, Ng'ombe Mmoja

Ndiyo, niliwatuma madaktari wawili kwa ng'ombe mmoja, alasiri moja. Nilikana jambo hili mbele ya meneja, mbele ya kamati ya wakurugenzi, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya padre, ambaye hata hakuwa ameniuliza. Kila nilipoulizwa kama jambo la namna hiyo linaweza kutokea nilijibu kwa neno moja, "Haiwezekani," nikilitamka kama mtu aliyesoma chuo kikuu. Neno hilo lilimnyima mtu mwingine kazi na jina kwa miezi tisa.

Sasa nimestaafu. Ninyi wenzangu wadogo mliobaki kwenye chumba cha seva mmeniomba niandike machache kuhusu kazi ya kuufanya mfumo ukae hewani bila kuanguka. Naamini mlitarajia michoro. Michoro iko kwenye kabati la chuma, droo ya pili, na mingi ni ya uongo. Hapa nitaandika yale ambayo hayakuchorwa.

Chama chetu cha ushirika cha wafugaji kina shughuli nyingi, lakini iliyoniajiri mimi ni moja: uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mimba bila fahali. Mfugaji akiona ng'ombe wake ameingia kwenye joto, anatujulisha. Sisi tunamtafuta mhimilishaji aliye karibu, ambaye kila mtu katika milima hii humwita daktari, naye anapanda pikipiki na mtungi wake wa mbegu zilizogandishwa. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, ahudumiwe alasiri. Akionekana jioni, ahudumiwe asubuhi ya kesho. Ukichelewa unangoja siku ishirini na moja. Hiyo si sheria ya chama, ni ya ng'ombe, na haina kamati ya rufaa.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kwenye chumba kimoja mjini Meru kilichokuwa ghala la chumvi ya mifugo. Chumvi ilikuwa imehamishwa, harufu yake ilibaki. Ndani alikaa Mzee Mbaabu, aliyekuwa akiwatuma madaktari kwa simu ya mezani na daftari tangu kabla sijajua kusoma. Alishika barua yangu mbali na macho, akaisoma yote mpaka kwenye muhuri.

"Umesomea kompyuta," akasema.

"Ndiyo, mzee. Miaka minne."

"Vizuri sana. Ng'ombe hajasoma."

Kisha akanipa simu, akaniambia nisiguse kompyuta yoyote kwa wiki moja. Nilikaa pale nikipokea wafugaji. Nilijifunza kwamba hakuna mtu aliye na anwani. "Ukipita lile kanisa la mabati, teremka mpaka kwa mbwa mweupe, uliza kwa mama wa Kendi." Nilijifunza pia kwamba mtu anayepiga simu kuhusu ng'ombe mwenye joto hasalimii. Na nilimwona Mzee Mbaabu, kila adhuhuri, akinakili daftari lake lote kwenye daftari la pili, ambalo alilitia kwenye mfuko wa plastiki na kwenda nalo nyumbani Kiirua.

"La nini hilo, mzee?"

"Hili la ofisini likiungua."

"Litaungua na nini?"

"Ningejua, si ningekizima hicho kitu?"

Nilicheka moyoni. Miaka michache baadaye nilitumwa Nairobi kwenye semina ya siku tatu, ambako bwana mmoja mwenye tai nyembamba alitufundisha jambo hilo hilo kwa slaidi sabini. Nilirudi na cheti. Mzee Mbaabu alikiangalia akauliza kama chakula kilikuwa kizuri.

Niliujenga mfumo wetu polepole. Mfugaji anatuma ujumbe wenye namba ya ng'ombe wake, seva inatafuta daktari wa karibu asiye na kazi, kazi inatokea kwenye simu ya daktari. Ulifanya kazi vizuri sana kila ulipokuwa umewashwa. Ninyi mmeingia wakati wa betri kubwa na jenereta inayojiwasha yenyewe. Sisi tulianza na betri moja iliyokuwa na nguvu za kutosha kutoa mlio wa kutujulisha kwamba umeme umepotea, kana kwamba giza halijatuambia.

Kisa kilichonifundisha zaidi wakati ule ni cha Kiirua. Mawasiliano ya upande ule yalipitia kifaa tulichokifunga kwenye paa la ghala la mfanyabiashara wa viazi. Kila siku ya soko kifaa kilikufa asubuhi na kufufuka saa tisa. Nilibadilisha kifaa. Nilibadilisha waya. Niliandika ripoti ya kurasa kumi na moja kuhusu mwingiliano wa mawimbi, na kwa aibu nakumbuka kwamba nilitaja jua. Mwishowe nikaenda mwenyewe siku ya soko. Ghala lilikuwa na tundu moja la umeme, na mwenye ghala alikuwa na mizani ya kisasa.

"Mimi nitapimaje viazi?" aliniuliza, kwa haki kabisa. "Na nyinyi intaneti yenu haina uzito."

Nilitembea hadi dukani nikanunua ekstensheni yenye matundu manne. Kati ya vifaa vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya kuufanya mfumo usianguke, hicho ndicho pekee ambacho hakikuniaibisha hata siku moja. Mpaka leo kiko pale. Kikifa, msiandike ripoti.

Baadaye tulitaka heshima. Wataalamu wa kazi yetu hupima uhai wa mfumo kwa kuhesabu tisa: asilimia tisini na tisa nukta tisa, na kadiri tisa zinavyoongezeka ndivyo unavyoheshimika. Mwenyekiti wetu alizipenda sana hizo tisa. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka alizisoma moja moja, akitua, na wanachama wakapiga makofi kwa kila tisa kama watu walio kwenye harambee ya kanisa. Takwimu zile nilizitayarisha mimi. Zilikuwa sahihi, isipokuwa hazikuhesabu vipindi ambavyo mashine ya kuhesabu nayo ilikuwa imezimika.

Baada ya makofi hayo ilibidi tuwe na seva ya pili. Tuliiweka kwenye ofisi yetu ya Embu, ili Meru ikianguka Embu ichukue kazi bila mfugaji kujua. Huo ndio ujuzi wote wa fani hii, mkiondoa maneno makubwa: kitu kianguke na mtu asijue. Nilimweleza Mzee Mbaabu kwa fahari. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu.

"Sasa ni mbili," akasema. "Mkubwa ni nani?"

"Ya Meru, mzee."

"Na ya Embu inajua hivyo?"

"Zinaulizana kila sekunde tano. Embu inauliza, 'Uko?' Meru inajibu, 'Niko.' Siku Meru isipojibu, Embu inajua mwenzake amekufa, inachukua kazi."

Alifikiri kidogo huku akichonga penseli. "Na kama hajafa? Kama hawasemezani tu?"

"Vipi, mzee?"

"Wewe umeolewa peke yako, hujui. Baba yangu alikuwa na wake wawili. Siku wakinuniana, kila mmoja alidhani mwenzake hakupika. Baba alikula mara mbili, akanyamaza."

Nilicheka kwa sauti, maana nilikuwa nampenda. Lakini hatari aliyoitaja inajulikana na kila mtu wa kazi yetu, na dawa yake inajulikana pia: mashine ya tatu, ndogo, isiyofanya chochote ila kupiga kura. Wawili wakipoteza mawasiliano, yule anayemwona wa tatu ndiye mkubwa, mwingine ananyamaza. Katika nchi ambayo sote tumewahi kuwaona watu wawili wakidai wameshinda, ungetegemea nisiisahau mashine hiyo. Sikuisahau. Ilikuwa kwenye mpango wangu, mstari wa mwisho. Kamati iliukata mstari wa mwisho kwa sababu siku ya uzinduzi tulihitaji hema na utepe. Nilipaswa kupinga. Nilikuwa kwenye kamati ndogo ya kuchagua rangi ya utepe.

Basi ikaja Alhamisi moja, na tingatinga lililokuwa likichimba mtaro kando ya barabara likaukata waya uliounganisha Meru na Embu. Wakati huo nilikuwa na laini mbili kutoka kampuni mbili, jambo nililolitaja kwenye kila wasilisho. Siku hiyo nilijua kwamba kampuni zote mbili zilipitisha nyaya zao kwenye mtaro mmoja. Tingatinga halikubagua.

Meru ikauliza Embu, kimya. Embu ikauliza Meru, kimya. Kila moja ikahitimisha kwamba mwenzake amefariki, na bila hata kuomboleza ikajitawaza. Zote mbili bado zilikuwa na njia zake za kufikia ulimwengu wa nje.

Asubuhi hiyo, kule Kanja, mjane aitwaye Mama Wanjira alimwona ng'ombe wake mwekundu akiwapanda wenzake. Akatuma ujumbe. Kampuni ya simu ikaupeleka Meru, Meru ikachelewa kujibu kwa kuwa ilikuwa na shughuli ya kumtangaza marehemu, na kampuni ikaupeleka pia Embu, kama tulivyoielekeza. Meru ikamchagua Murithi, daktari wetu wa Chuka. Embu ikamchagua Njeru, daktari wetu wa Manyatta. Kanja iko katikati yao, kila mmoja angeweza kuapa kuwa yeye ndiye wa karibu.

Murithi alifika kwanza, saa nane. Ng'ombe alikuwa tayari ndani ya krashi, kile kizuizi chembamba cha mbao ambacho kila mfugaji hujenga nyuma ya boma. Mama Wanjira alikuwa ameomba Friziani, Murithi akatumia Friziani, akampa mama kijikaratasi chake mkononi na kumwambia amwache ng'ombe atulie humo kidogo. Mama akafunga nyumba akaenda kwa jirani aliyefiwa, ambako walikuwa wakipanga mazishi.

Nusu saa baadaye akafika Njeru. Akakuta lango limeegeshwa, hakuna mtu, ng'ombe amefungwa kwenye krashi akimngoja. Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida. Watu wana shamba, wana mazishi, wana vikundi vya akina mama, wanamwacha ng'ombe tayari na daktari anajihudumia. Friziani ilikuwa imemwishia. Akachukua mbegu ya Fleckvieh, wale mafahali wekundu wenye uso mweupe, akafanya kazi yake vizuri kama alivyoifanya miaka yote, akachomeka kijikaratasi chake kwenye ufa wa ubao na kuondoka. Ng'ombe hakusema kitu. Kijikaratasi, kwa jinsi nilivyokuja kufikiri baadaye, alikila.

Saa kumi waya ulirekebishwa. Seva zetu zikaonana tena, kila moja na daftari lake, zikaanza kulinganisha. Na hapa ndipo ninapoingia mimi kwa jina. Wafugaji wetu wana tabia ya kutuma ujumbe mmoja mara tano, kwa hiyo nilikuwa nimeandika kanuni: zikikutwa kazi mbili za ng'ombe mmoja siku moja, ya kwanza ibaki, ya pili ifutwe kama marudio. Ifutwe Meru, ifutwe Embu, ifutwe hata kwenye simu ya daktari, isimchanganye. Niliionea fahari kanuni hiyo. Nilipenda usafi. Kufikia saa kumi na dakika moja hapakuwa na alama yoyote ya kuonekana kwamba Njeru alikuwa amefika Kanja.

Mwisho wa wiki mitungi ilikaguliwa. Wa Njeru ulipungukiwa na mrija mmoja wa mbegu, wa fahali mwekundu mwenye uso mweupe, na hapakuwa na kazi iliyolingana nao. Meneja wetu, Bwana Gikundi, alikuwa kwa muda mrefu akiwatafuta madaktari wanaofanya kazi za kando kwa mbegu za chama. Alikuwa ameahidi kamati kwamba atampata mmoja. Alimpigia Mama Wanjira simu, naye akasema kweli tupu: aliyekuja ni Murithi. Kisha akaniita mimi.

"Madam Kagendo. Njeru anasema sistimu ilimtuma Kanja. Murithi pia anasema sistimu ilimtuma Kanja. Sistimu inaweza kutuma watu wawili?"

"Haiwezekani."

"Asante sana."

Chai ilikuwa bado haijamiminwa. Njeru alisimamishwa kazi "kusubiri uchunguzi," maneno ambayo katika chama chetu yana maana kwamba hakuna atakayechunguza.

Alasiri ile ile nilifungua kumbukumbu za seva ya Embu. Sikuwa na wasiwasi. Nilitaka tu kujiridhisha. Kanuni yangu ilifuta kazi, lakini ile orodha ya ndani ambamo seva huandika kila inachofanya ilikuwa haijaguswa. Mstari ulikuwa pale: saa, namba ya ng'ombe wa Mama Wanjira, jina la Njeru. Niliuangalia. Nikajiambia ni jaribio. Nikajiuliza ni nani aliyefanya jaribio, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa, nikajijibu kwamba pengine ni mimi na nimesahau. Msishangae jinsi mtu mwenye shahada anavyoweza kujidanganya. Asiye nayo hujidanganya kwa sentensi moja, sisi tunahitaji aya nzima na hitimisho.

Mjue pia hali ilivyokuwa. Wiki iliyofuata wageni wa vyama vingine walikuwa wanakuja kujifunza kwetu. Bango lilikuwa limeshachapishwa, HATUZIMIKI, na chini yake picha yangu nikitabasamu kando ya seva kama mtu aliyeizaa.

Njeru alikuja ofisini siku moja kabla ya wageni. Alivaa koti la Jumapili. Nilimjua kwa miaka mingi, mtu mrefu, mpole, ambaye alisugua kucha zake kwa brashi mpaka zilikuwa safi kuliko zangu. Alikataa kukaa.

"Madam, wewe ndiye uliijenga. Iulize."

"Nimeiuliza, daktari. Inasema hukuenda."

"Hiyo ni ya Meru. Uliza hiyo ya Embu."

"Ni kitu kimoja, Njeru. Zinafanya kazi kama mashine moja."

"Zikiwa sawa?"

"Zikiwa sawa."

"Na zisipokuwa sawa?"

Nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama wafanyavyo watu walioambiwa hivyo na mabenki, hospitali na shule za watoto wao.

"Huko Manyatta wananiita Muuza Mbegu," akasema. "Bibi yangu anafundisha watoto wa Sunday school. Juzi mmoja amemuuliza, 'Mwalimu, ni ukweli bwana yako ni mwizi wa ng'ombe ambao hawajazaliwa?'" Alijaribu kucheka. "Hata mimi ningecheka, kama si mimi."

Akaniaga. Ile orodha ya ndani hujifuta baada ya siku thelathini, nilivyoiamuru mwenyewe ili kuokoa nafasi. Nilizihesabu siku hizo. Siku ya thelathini nilikuwa na kikao kirefu kuhusu mapazia ya ukumbi, na nilitoa maoni mengi.

Lakini nilikuwa siwezi tena kuipita seva ile bila kuiogopa. Nikanunua mashine ya tatu, kidude kisichozidi kitabu cha nyimbo za kanisani, nikakifunga Chuka. Kwenye fomu ya ununuzi, palipoandikwa "tatizo linalotatuliwa," niliandika "hakuna." Nilikuwa naitibu kasoro ambayo nilikuwa nimeapa kwamba haipo, na niliitibu kwa ustadi mkubwa. Nilipunguza pia ile kanuni ya usafi: marudio yasifutwe, yawekwe pembeni mtu ayaone. Kila kitu kikawa kama kilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, isipokuwa Njeru, ambaye alikuwa nyumbani akipalilia kahawa ya baba yake.

Jumamosi moja nilikwenda Kiirua kumtembelea Mzee Mbaabu. Nilimkuta kwenye viazi vyake. Nilimweleza habari ya mashine ya tatu, nikijua nitasifiwa. Kwani si yeye aliyekuwa ameniambia juu ya wake wawili wasiosemezana? Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa udongo kwenye viganja.

"Kwa hiyo ilitokea," akasema.

"Sikusema ilitokea, mzee."

"Hakuna mtu anapeleka dawa kwa boma ambalo hakuna mgonjwa." Akaniangalia. "Mashine zako umezipatia shahidi. Wa Njeru yuko wapi?"

Sikuwa nimemtajia jina la Njeru. Nilikunywa chai yake, nikakubali gunia la viazi, nikarudi Meru. Ningependa kuandika kwamba Jumatatu yake niliingia kwa Bwana Gikundi nikasema yote. Niliingia. Tulizungumza juu ya jenereta.

Hivyo miezi ikapita, na ng'ombe wa Mama Wanjira, ambaye hakuwa na habari na kamati yoyote, aliendelea kunenepa.

Simu ililia asubuhi ya Jumanne. Dada wa mapokezi alikuwa likizo, na mimi ndiye niliyeamuru kwamba asipopokea mtu simu hiyo iende kwa mwingine, na asipopokea huyo iende kwa mwingine, mpaka ifike mezani kwangu. Ilifika.

"Hapo ni kwa sistimu?"

"Ndiyo mama, hapa ni ofisini."

"Mimi sitaki ofisi. Nataka sistimu. Ndiyo niliandikia wakati ng'ombe yangu ilikuwa na joto."

"Mimi ndiye sistimu, mama."

"Haya. Huyu ni Mama Wanjira wa Kanja. Ng'ombe imezaa leo, nataka kuandikisha ndama."

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikamwambia hongera. Nikamuuliza kama ni ndume au jike.

"Ngoja kwanza. Ni mbili."

"Mapacha! Mungu ni mwema."

"Ni mwema, lakini anieleze. Hii moja ni nyeusi na madoa nyeupe, Freshian kabisa, kama ile picha Murithi alinionyesha. Hii ingine ni nyekundu, na uso yote nyeupe kama imeingia kwa unga. Mimi sikuomba ya uso nyeupe. Na kwa hii fomu yenu nimeona mahali pa baba ni mstari moja. Niandike nani?"

Ng'ombe anaweza, mara chache sana, kuzaa mapacha wa baba wawili. Daktari yeyote wa mifugo atawaambia hivyo. Atawaambia pia kwamba kwa jambo hilo kutokea ni lazima aje mtu wa pili.

"Mama," nikasema, "uko na nani hapo?"

"Niko na huyu wa Manyatta, huyu mlimfukuza. Murithi alikataa kushika simu na ng'ombe ilikuwa imeshindwa kabisa, miguu inaonekana na haitoki. Ndiye amezivuta, moja kisha ingine. Tangu aione hii ya pili amekaa juu ya ndoo, anaiangalia tu. Sasa ananyoosha mkono, ati nimpe simu. Nimpe?"

"Mpe."

Nilisikia simu ikipanguswa kwenye nguo. Kisha pumzi ya mtu aliyechoka mikono.

"Madam."

"Daktari."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sema wewe. Mimi nimesema miezi tisa, nimemaliza maneno."

Kwenye ukuta wa mbele yangu lilikuwepo lile bango, nami nikitabasamu juu yake. Nilifunga macho.

"Nilikutuma, Njeru. Meru ilimtuma Murithi, Embu ikakutuma wewe. Jina lako nililiona kwa macho yangu siku ile ile waliyokusimamisha, nikanyamaza."

Mahali fulani nyuma ya Njeru ndama alilia, na mwingine akamjibu.

"Ngoja niweke kwa spika," akasema Njeru. "Halafu urudie polepole. Mama Wanjira asikie, na hawa majirani wamekuja kuona ndama wasikie."

Nikarudia.